Hekalu la Tatu na Siku za Mwisho: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Yerusalemu inapotajwa kwenye taarifa ya habari, simu yangu hujaa. Huyu anatuma video ya ng'ombe wekundu, yule anauliza kama ni kweli msingi wa hekalu jipya la Kiyahudi umeshawekwa, mwingine anataka kujua amwamini mhubiri yupi. Nimefundisha Biblia kanisani kwa miaka mingi na maswali ni yale yale, hivyo nimeyakusanya hapa. Ninaamini kwa moyo wote kwamba Kristo anarudi. Wakristo wanapotofautiana nimetaja pande zote, na msimamo wangu nimeusema bila kuficha.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini linaitwa hekalu la tatu? Mawili ya kwanza ni yapi?

La kwanza lilijengwa na mfalme Sulemani kwa miaka saba (1 Wafalme 6:38), likateketezwa na jeshi la Nebukadreza wa Babeli mwaka 586 KK. La pili lilijengwa na waliorudi kutoka uhamishoni, wakiongozwa na Zerubabeli, na likamalizika mwaka wa sita wa mfalme Dario (Ezra 6:15), karibu 515 KK.

Herode alianza kulipanua na kulipamba karibu mwaka 20 KK. Ndiyo maana Wayahudi walimwambia Yesu kwamba limejengwa kwa miaka arobaini na sita (Yohana 2:20). Kazi ya Herode haihesabiwi kuwa hekalu jingine kwa sababu ibada haikukatika. Mwaka 70 BK majeshi ya Rumi chini ya Tito yalilichoma na kulibomoa. Mjini Roma bado lipo tao la Tito, lenye mchongo wa watu wamebeba kinara cha taa saba kama nyara.

2. Je, ujenzi wa hekalu la tatu umeshaanza?

Hapana. Hakuna msingi uliochimbwa wala jiwe lililowekwa mahali pake. Ukitumiwa picha ya hekalu zima linalong'aa, kwanza uliza ni la wapi. Katika jumba la makumbusho la Israeli mjini Yerusalemu kuna mfano mdogo wa mji wa zamani, uliojengwa kwa kipimo cha 1 kwa 50, na ukipigwa picha kwa karibu unaonekana kama mji halisi. Na mjini São Paulo, Brazili, kuna kanisa kubwa lililofunguliwa mwaka 2014 kwa jina la Hekalu la Sulemani. Hilo ni kanisa, tena liko Amerika ya Kusini.

Kilichopo kweli ni maandalizi ya vyombo na mafunzo (tazama swali la 11 na la 12).

3. Pale lilipokuwa hekalu kuna nini sasa?

Wayahudi huuita Mlima wa Hekalu. Waislamu huuita Haram al-Sharif. Ni uwanja wa karibu hekta 14. Katikati yake imesimama Kuba ya Mwamba, iliyokamilika mwaka 691 au 692 chini ya khalifa Abd al-Malik, na upande wa kusini uko msikiti wa Al-Aqsa. Wanaakiolojia wengi wanaona hekalu lilisimama pale penye Kuba au karibu sana nayo.

Israeli iliuteka Mji Mkongwe katika vita vya Juni 1967. Siku chache baadaye waziri wa ulinzi, Moshe Dayan, aliuacha uendeshaji wa ndani ya uwanja mikononi mwa Wakfu wa Kiislamu ulio chini ya Jordan, na mkataba wa amani wa mwaka 1994 ukautambua wajibu huo wa pekee wa Jordan. Polisi wa Israeli wanashika ulinzi. Kwa utaratibu huo asiye Mwislamu anaweza kutembelea kwa saa maalumu, lakini haruhusiwi kusali. Miaka ya karibuni utaratibu umetikisika: Wayahudi wamekuwa wakisali pale, akiwemo waziri Itamar Ben-Gvir, na kila tukio la namna hiyo huwasha hasira katika nchi nyingi.

4. Ukuta wa Maombolezo si mabaki ya hekalu? Mbona Yesu alisema halitasalia jiwe juu ya jiwe?

Ule ni ukuta wa kuzuia kifusi cha uwanja ambao Herode aliupanua. Haukuwa ukuta wa jengo la hekalu. Wanafunzi walimwonyesha Yesu majengo ya hekalu (Mathayo 24:1), na majengo hayo hayapo. Karibu na pembe ya kusini magharibi wachimbaji waliikuta barabara ya zamani imefunikwa na mawe makubwa yaliyoangushwa kutoka juu mwaka 70, na baadhi yameachwa pale pale. Kwangu mimi mawe yale yanahubiri kuliko video yoyote.

## Maandiko yanasema nini

5. Ni mstari gani unaosema hekalu litajengwa tena kabla Yesu hajarudi?

Hakuna mstari unaosema hivyo kwa maneno hayo, na hapo ndipo mjadala mzima unapoanzia. Fundisho hilo limejengwa kwa kuunganisha Danieli 9:27, Mathayo 24:15, 2 Wathesalonike 2:4 na Ufunuo 11:1-2, kisha Ezekieli 40 hadi 48. Hoja ni kwamba hekalu likitajwa katika habari za mwisho, lazima liwepo.

Mistari mingine miwili hutajwa sana mimbarini lakini haihusiki. Hagai 2:9, kuhusu utukufu wa mwisho wa nyumba kuwa mkuu kuliko wa kwanza, ilisemwa juu ya hekalu la Zerubabeli, watu wakiwa wamelisimamia kwa macho yao. Amosi 9:11 inataja hema ya Daudi iliyoanguka, na Yakobo aliitumia mbele ya baraza la Yerusalemu kueleza kuingia kwa mataifa katika Kanisa (Matendo 15:13-18). Mtume akishatafsiri andiko, mimi sina ruhusa ya kulipindua.

6. Majuma sabini ya Danieli yanahesabiwaje?

Karibu kila mtu anakubali kwamba juma moja ni miaka saba, hivyo majuma sabini ni miaka 490. Tofauti ziko kwenye mwanzo na mwisho. Wengine huanzia amri ya Artashasta kwa Ezra, mwaka 457 KK. Wengine ruhusa aliyopewa Nehemia, karibu 445 KK.

Wanaongoja hekalu jipya husema majuma 69 yaliishia kwa Masihi, kisha saa ya unabii ikasimama, na juma la mwisho litakuwa miaka saba ya dhiki kuu ambayo katikati yake Mpinga Kristo ataikomesha dhabihu. Kwa hesabu hiyo lazima dhabihu ziwe zimeanza tena, na bila hekalu haziwezi kuanza. Wengine, nami nikiwemo, husema juma la sabini lilifuata la 69 bila pengo: Masihi alikatiliwa mbali, dhabihu ikakoma maana yake msalabani, na uharibifu wa mji ukaja mwaka 70. Andiko lenyewe halitaji pengo la miaka elfu mbili.

Ndugu zetu Wasabato nao huanzia 457 KK, lakini siku 2300 za Danieli 8:14, kila siku ikihesabiwa mwaka, huzifikisha mwaka 1844 na kuona kutakaswa kwa patakatifu kuwa ni huduma ya Kristo mbinguni. Kwao pia hakuna haja ya jengo la Yerusalemu.

7. Chukizo la uharibifu ni nini? Limeshatokea au bado?

Mwaka 167 KK mfalme Antioko Epifane alisimamisha ibada ya miungu ya Kigiriki juu ya madhabahu ya hekalu na kukomesha dhabihu. Miaka mitatu baadaye Yuda Makabayo alilitakasa. Sikukuu ya ukumbusho huo ndiyo Yesu aliyokuwa akitembea hekaluni siku yake (Yohana 10:22). Basi kila Myahudi aliyesikia maneno "chukizo la uharibifu" alijua yanahusu nini.

Yesu aliyasema (Mathayo 24:15) kama jambo linalokuja tena. Mwaka 40 Kaisari Kaligula aliagiza sanamu yake iwekwe hekaluni, akauawa mwaka uliofuata kabla haijawekwa. Luka akiandika hotuba ile ile anasema: mtakapoona Yerusalemu umezungukwa na majeshi (Luka 21:20). Eusebio, mwanahistoria wa Kanisa la kale, anasimulia kwamba Wakristo wa Yerusalemu waliutoka mji na kukimbilia Pela, ng'ambo ya Yordani. Waliliitikia onyo la Yesu kama jambo la kizazi chao, na wakapona. Wapo wanaoamini litatimia mara ya pili mwishoni. Mlango huo siufungi, ila siwezi kumlazimisha mtu aamini hivyo kwa Mathayo 24 pekee.

8. Paulo anasema mtu wa kuasi ataketi katika hekalu la Mungu. Si lazima basi hekalu liwepo?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na anayeamini hekalu la mawe ana hoja hapa. Paulo aliandika karibu mwaka 51, hekalu likiwa limesimama na ibada ikiendelea. Msomaji wa Thesalonike angefikiria nini kingine? Askofu Irenayo, katika karne ya pili, aliielewa hivyo: Mpinga Kristo ataketi Yerusalemu miaka mitatu na miezi sita.

Lakini lisikilize neno lenyewe. Paulo ametumia neno la Kigiriki *naos*, na kila anapolitumia kwingine katika nyaraka zake anazungumzia watu: "Hamjui ya kuwa ninyi mmekuwa hekalu la Mungu" (1 Wakorintho 3:16), vivyo hivyo 2 Wakorintho 6:16 na Waefeso 2:21. Krisostomo, mhubiri wa Kanisa la kale, alifundisha kwamba huyo ataketi makanisani, si Yerusalemu pekee. Agostino alikiri wazi kuwa haijulikani kama ni magofu ya hekalu au ni Kanisa. Wanamatengenezo wa karne ya 16 waliona ni ndani ya Kanisa.

Swali jingine linanisumbua zaidi. Jengo litakalosimamishwa ili kurudisha dhabihu za kuondoa dhambi, baada ya Mwana wa Mungu kujitoa mara moja tu, je, Paulo angeliita hekalu la Mungu? Mimi siamini. Naona onyo lake linatuelekea sisi: mtu anayejikweza mahali pa Mungu katikati ya watu wa Mungu, akisifiwa na kuogopwa. Hatari hiyo haihitaji safari ya Israeli.

9. Na hekalu la Ezekieli 40 hadi 48?

Ezekieli anapewa vipimo kwa dhiraa, mlango kwa mlango, kisha anaona mto ukitoka chini ya kizingiti, ukipita jangwani hadi kuyaponya maji ya Bahari ya Chumvi. Waliorudi kutoka Babeli walikuwa na maono haya mikononi lakini hawakujenga kwa ramani hiyo.

Wapo wanaosema litajengwa katika miaka elfu ya utawala wa Kristo na dhabihu zake zitakuwa za ukumbusho tu, kama Meza ya Bwana. Ugumu ni kwamba Ezekieli 45:15-17 inasema dhabihu hizo ni za kufanya upatanisho, na Waebrania 10:18 inasema ondoleo la dhambi likiwapo "hapana toleo tena kwa ajili ya dhambi". Mimi nayasoma maono haya pamoja na Ufunuo 22, ambako mto ule ule unatoka katika kiti cha enzi cha Mungu na cha Mwana-Kondoo, ndani ya mji ambao Yohana anasema "sikuona hekalu ndani yake" (21:22).

10. Yohana aliambiwa alipime hekalu katika Ufunuo 11. Hekalu lipi?

Inategemea kwa sehemu Ufunuo uliandikwa lini. Kama ni kabla ya mwaka 70, huenda ni lile la Herode. Kama ni karibu mwaka 95, kama wengi wanavyoshika, hekalu lilikuwa limeshabomolewa miaka 25. Wengine husema ni lijalo, wengine Kanisa linalohifadhiwa katika dhiki. Mwanafizikia Asher Kaufman alipendekeza kwamba hekalu lilikuwa kaskazini kidogo ya Kuba, na baadhi ya wahubiri wakaunganisha pendekezo hilo na ua wa nje "ulioachwa kwa mataifa" ili kusema hekalu na Kuba vinaweza kusimama jirani. Wanaakiolojia walio wengi hawakuukubali mpangilio huo.

## Maandalizi yanayotajwa kwenye habari

11. Habari za ng'ombe wekundu ni za kweli?

Ndiyo, ng'ombe wapo. Hesabu 19 inaagiza mtamba mwekundu asiye na kilema, asiyewahi kutiwa nira, achinjwe na kuteketezwa nje ya kambi. Majivu yake yakichanganywa na maji hutakasa aliyegusa maiti. Bila majivu hayo, kwa sheria ya Kiyahudi, makuhani hawawezi kuwa safi kwa huduma ya hekalu. Mapokeo ya marabi yanahesabu mitamba tisa iliyoteketezwa tangu Musa, na Maimonides, mwalimu mkuu wa Kiyahudi wa karne ya 12, aliandika kwamba wa kumi atatayarishwa na Masihi.

Mwaka 1996 alizaliwa Israeli mtamba aliyeitwa Melody, akakataliwa alipoota nywele nyeupe. Septemba 2022 mitamba mitano ilisafirishwa kwa ndege kutoka Texas, na Wakristo wa Marekani walishiriki kuitafuta. Masharti ni makali: nywele mbili tu zisizo nyekundu humwondoa mnyama. Lakini hata akipatikana mtamba kamili na majivu yakawepo, bado hakuna hekalu, na swali la 3 linabaki pale pale.

12. Vyombo vya hekalu vimeshatengenezwa? Na sanduku la agano liko wapi?

Taasisi ya Hekalu, iliyoanzishwa Yerusalemu mwaka 1987 na rabi Yisrael Ariel, imetengeneza mavazi ya makuhani, vyombo vingi na kinara kikubwa kilichofunikwa kwa dhahabu, kinachoonekana na wapita njia karibu na Ukuta wa Maombolezo.

Sanduku halikuwepo hata katika hekalu la pili. Pompeyo wa Rumi alipoingia Patakatifu pa Patakatifu mwaka 63 KK alikuta patupu. Kanisa la Othodoksi la Ethiopia linaamini liko Aksum. Yeremia 3:16 inasema itafika siku sanduku halitakumbukwa wala kutengenezwa tena, na sijui kwa nini mstari huo hausomwi zaidi.

13. Je, Wayahudi wote wanataka hekalu lijengwe?

La hasha. Wayahudi wa Orthodoksi huomba kila siku hekalu lirudi, na tarehe tisa ya mwezi wa Av hufunga kuomboleza mahekalu yote mawili. Lakini kuombea ni tofauti na kuchimba msingi. Maimonides alifundisha kwamba Masihi ndiye atakayelijenga; Rashi, mfafanuzi wa Maandiko wa Kiyahudi, aliona litashuka kutoka mbinguni likiwa tayari. Marabi Wakuu wa Israeli wameweka tangazo langoni kuwakataza Wayahudi kupanda mlimani, wasije wakakanyaga patakatifu wakiwa na unajisi. Wanaotaka ujenzi sasa ni kundi lenye sauti kubwa, na sauti hiyo imekua, lakini si taifa zima.

14. Liliwahi kujaribiwa kujengwa tena?

Ndiyo, mwaka 363. Kaisari Juliano, aliyeuacha Ukristo, aliagiza lijengwe. Mwanahistoria Amiano Marselino, ambaye hakuwa Mkristo, anasema ndimi za moto zilitoka karibu na msingi na kuwaunguza mafundi mpaka kazi ikaachwa. Juliano alikufa vitani Uajemi mwaka huo huo.

## Maswali magumu

15. Fundisho la hekalu la tatu ni la zamani au limeletwa juzi?

Yote mawili. Kutazamia Mpinga Kristo katika hekalu la Yerusalemu ni kwa zamani (tazama Irenayo, swali la 8). Lakini mpangilio unaosikika leo, yaani unyakuo (waamini kutwaliwa mbinguni), miaka saba, hekalu, kisha Kristo kurudi, uliandaliwa miaka ya 1830 na John Nelson Darby wa Uingereza na kuenezwa na Biblia yenye maelezo ya Scofield, iliyotoka 1909. Ulitufikia kupitia wamisionari, vyuo vya Biblia na mikutano ya injili. Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri wengi hawajaufundisha. Mkristo mwenzako asipouamini, hajaikana imani.

16. Je, tuchangie ujenzi ili kuharakisha kurudi kwa Bwana?

Nakusihi usifanye hivyo. Agosti 1969 Mkristo kutoka Australia, Denis Michael Rohan, aliuchoma moto msikiti wa Al-Aqsa akiamini anamfungulia Masihi njia. Moto uliteketeza mimbari iliyoletwa na Salahuddin, na ghadhabu iliyofuata ilisababisha nchi za Kiislamu kuunda jumuiya yao mwezi uliofuata. Mahakama ilimwona hana akili timamu, lakini wazo lililomsukuma lilihubiriwa na watu wenye akili timamu. Mwaka 1984 polisi wa Israeli walikamata kundi la Wayahudi lililopanga kuilipua Kuba. Oktoba 1990 tetesi za kuwekwa jiwe la msingi ziliamsha ghasia, na Wapalestina zaidi ya kumi na watano wakauawa pale pale uwanjani.

Hatusomi popote katika Agano Jipya kwamba mtume alichangisha fedha za kujenga hekalu. Paulo alichangisha kwa makanisa ya mataifa ili kuwalisha maskini wa Yerusalemu (Warumi 15:26). Maskini wapo mpaka leo, Wayahudi na Wapalestina, na miongoni mwa Wapalestina wamo Wakristo wenzetu.

17. Jirani yangu Mwislamu ananiuliza kama Wakristo tunataka msikiti wa Al-Aqsa ubomolewe. Nimjibu nini?

Mwambie hapana, na umaanishe. Kwake pale ndipo Mtume wake alipofikishwa usiku wa Isra, na ni msikiti wa tatu kwa utukufu. Mwoneshe kwamba Yesu mwenyewe aliposema "Livunjeni hekalu hili, nami katika siku tatu nitalisimamisha" alinena habari za mwili wake (Yohana 2:19-21), na alimwambia mwanamke Msamaria kwamba saa inakuja ambayo hawatamwabudu Baba katika mlima ule wala Yerusalemu (Yohana 4:21).

Unaweza pia kumsimulia hili. Mwaka 1871 lilipatikana Yerusalemu jiwe lenye maandishi ya Kigiriki lililowekwa katika uzio wa hekalu la Herode: mgeni asiye Myahudi atakayepita hapa atajiletea kifo. Paulo alikamatwa kwa kushukiwa kuuvusha mpaka huo mtu wa Efeso (Matendo 21:28-29). Naye ndiye aliyewaandikia Waefeso kwamba Kristo amekibomoa kiambaza cha kati kilichotutenga. Kwa nini nitamani kirudi, mimi niliyekuwa upande wa nje?

18. Mhubiri ametaja mwaka. Nimwamini?

Usimwamini. Wapo waliohesabu miaka arobaini tangu taifa la Israeli lizaliwe 1948 na kutangaza 1988. Harold Camping alitangaza Mei 21, 2011. Bwana alisema habari ya siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika (Mathayo 24:36).

19. Kama dalili ni nyingi hivi, niache kazi, niuze kiwanja, niwatoe watoto shule?

Usiache. Soma waraka ule ule unaomtaja mtu wa kuasi hekaluni. Wathesalonike walifadhaishwa na uvumi kwamba siku ya Bwana imeshafika, na miongoni mwao walikuwepo walioacha kufanya kazi. Sura moja baadaye Paulo anaamuru: "ikiwa mtu hataki kufanya kazi, basi, asile chakula" (2 Wathesalonike 3:10).

Waliokufa Kanungu nchini Uganda mwaka 2000, na wale wa msitu wa Shakahola kule Kilifi, Kenya, mwaka 2023, ambako ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wote walikuwa watu waliofundishwa kwamba mwisho umefika. Nimewalilia hasa watoto wa Shakahola. Mhubiri akikuambia uuze mali na kumkabidhi fedha, au mfunge mpaka kufa, au mtoto asipelekwe hospitali, toka hapo siku hiyo hiyo pamoja na watoto. Kisha mwone mzee wa kanisa unayemwamini, na uende polisi, kwa maana wengine bado wamebaki ndani.